Puerto Escondido, San Blas au Puerto López: tunaomba ushauri kabla hatujalipia tiketi

Safarini Wawili aliandika:

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote. Mimi na mume wangu tunapanga mapumziko ya siku kumi katika mji mdogo wa pwani ya Pasifiki, mahali palipotulia, ambapo mtu anaweza kula samaki aliyevuliwa siku ileile bila kulipa bei ya hoteli za kitalii. Baada ya kusoma sana tumebakiwa na majina matatu: Puerto Escondido katika jimbo la Oaxaca na San Blas katika jimbo la Nayarit, yote nchini Meksiko, na Puerto López katika pwani ya Ekuador. Bei ya tiketi imeshuka wiki hii, nasi tungependa kulipa kabla ya Jumapili. Mliofika huko, mngechagua wapi, na kwa sababu gani?

Kasuku wa Goma alijibu:

Dada, umetupa majina matatu lakini hujatupa cha kutuwezesha kukujibu. Mnasafiri mwezi gani? Mnatokea mji gani? Mna pasipoti za nchi gani, na karatasi zenu zitawaruhusu kurudi mnakoishi? Bajeti ndogo kwenu ni dola thelathini kwa siku au ni mia moja? Mnajua kuogelea, nyote wawili? Mimi niko Montréal, na nimeona watu wawili wakilipia tiketi kwanza na kuuliza maswali haya baadaye. Wote wawili walibaki nyumbani.

Mpishi wa Kibokoni alijibu:

Nenda San Blas, mwanangu, wala usihangaike na hayo mengine. Pale wana samaki anayeitwa zarandeado, na mtu aliyekulia Mombasa akimwonja atajiona kama amerudi nyumbani. Samaki mzima hupasuliwa mgongoni na kufunguliwa kama kitabu, hupakwa mchanganyiko wa pilipili, ndimu na viungo, kisha hubanwa katika wavu wa chuma na kugeuzwageuzwa juu ya makaa. Ni kama samaki wetu wa kupaka, isipokuwa hawatii tui la nazi. Watu wa Nayarit husema pishi hili lilianzia Mexcaltitán, kijiji kilicho juu ya kisiwa kidogo katikati ya mabwawa ya mikoko, kaskazini mwa San Blas. Mimi na dada yangu tulikula samaki wa kilo moja na nusu tukamaliza, pamoja na chapati zao za mahindi, na siku ya pili tulirudi kwa mama yuleyule.

Msoma Ramani alijibu:

Bi Mpishi amesema kweli kuhusu samaki, lakini ameacha jambo ambalo kila aliyelala San Blas analijua, nalo ni usubi. Mji umezungukwa na mikoko na maji yaliyotuama, na wadudu hao wadogo, ambao wenyeji huwaita jejenes, hushambulia alfajiri na magharibi, hasa wakati wa mvua. Chandarua cha mbu hakiwazuii, kwa sababu hupenya katika matundu yake. Anayekwenda Februari huenda asiwaone sana, lakini anayekwenda Agosti atakula zarandeado yake huku akijipiga miguu. Ndiyo maana swali la mwezi ni lazima lijibiwe kwanza.

Kuhusu Puerto Escondido, habari nyingi zilizoko mtandaoni zimepitwa na wakati. Zamani mtu aliyetoka mji wa Oaxaca alipita barabara ya milimani yenye kona zisizohesabika kwa muda wa saa sita au saba, na wengi walifika wakiwa wametapika. Barabara mpya ya Barranca Larga hadi Ventanilla ilifunguliwa Februari 2024, na sasa safari huchukua takriban saa tatu. Kwa mtu wa bajeti ndogo hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa anaweza kutafuta tiketi ya ndege ya kwenda Oaxaca na kumalizia kwa gari la abiria.

Safarini Wawili alijibu:

Ahsanteni sana, nami naomba radhi kwa kutoeleza vizuri. Tunaishi Houston. Tunafikiria nusu ya pili ya Agosti, kwa sababu ndipo mume wangu anapokuwa huru. Mimi nina pasipoti ya Tanzania na ukaazi wa kudumu wa Marekani, naye ni Mkenya anayesoma chuo kikuu. Mbali na tiketi, tumetenga dola sitini kwa siku kwa wote wawili, malazi yakiwemo. Tunapenda sana kamba, na tunataka kuoga baharini kila siku.

Jodari alijibu:

Mimi nilifanya kazi Guayaquil kwa miaka miwili, na sielewi kwa nini hakuna aliyeitetea Puerto López. Kutoka Guayaquil ni saa nne hivi kwa basi. Ekuador inatumia dola ya Marekani tangu mwaka 2000, kwa hiyo hakuna hesabu za kubadilisha fedha. Kuanzia Juni hadi Septemba nyangumi wenye nundu hupanda kutoka bahari ya kusini kuja kuzaa katika maji hayo, na mashua za wavuvi zinapofika ufukweni asubuhi, samaki huuzwa palepale mchangani, ndege wakigombea matumbo juu ya vichwa vya watu.

Chakula cha Manabí, jimbo la Puerto López, kitamgusa kila mtu wa Afrika Mashariki, kwa sababu wanapika kwa karanga na ndizi. Wana mchuzi mzito unaoitwa viche, wenye samaki, karanga zilizosagwa, ndizi, muhogo na mahindi. Wana encebollado, supu ya jodari na muhogo inayomwagiwa kitunguu kilicholowekwa kwa ndimu, na watu huinywa asubuhi kama sisi tunavyokunywa supu kabla ya kazi. Kaskazini zaidi, katika jimbo la Esmeraldas ambako wakazi wengi ni watu weusi, samaki hupikwa kwa tui la nazi na huitwa encocado. Nilipoonja mara ya kwanza nilinyamaza kwa muda, kwa sababu nilimkumbuka mama.

Kasuku wa Goma alijibu:

Ndugu Jodari, chakula umekieleza vizuri, lakini Mkenya anahitaji viza kwenda Ekuador, na tangu Januari 2024, serikali ilipotangaza kuwa nchi iko katika vita vya ndani dhidi ya magenge, pwani hiyo si ileile uliyoijua. Esmeraldas na Manabí ni miongoni mwa majimbo yaliyoumia. Aidha, hao nyangumi huja wakati anga limefunikwa na mawingu ya kijivu na upepo ni wa baridi. Dada anataka kuoga baharini kila siku.

Jodari alijibu:

Sikatai. Nilieleza nilichokiona, na watu wa Puerto López bado wanaishi kwa wageni. Lakini suala la viza nalikubali, na kwa mtu anayetaka kulipa kabla ya Jumapili, linatosha kuiondoa Ekuador.

Mzee wa Ngalawa alijibu:

Nimesoma yote tangu mwanzo, na kuna swali moja la Kasuku ambalo binti hakulijibu: je, nyote wawili mnajua kuogelea? Nitaeleza kwa urefu kwa nini nauliza, nanyi mnivumilie.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani. Nilijifunza kuogelea kabla ya kusoma, na ujana wangu wote nilitafuta pweza kwenye miamba na kuvua kwa mshipi kuelekea kisiwa cha Maziwe. Mwaka 2017, nikiwa nimeshahamia San Diego, nilikwenda Zipolite, ufukwe ulio mashariki ya Puerto Escondido, karibu na Mazunte. Nilikuwa nimelipia nyumba ya wageni usiku tano mapema kwa sababu ilikuwa rahisi, na mwenye nyumba aliponiona natoka na taulo alfajiri aliniambia kwamba asubuhi bahari huwa imetulia. Palikuwa na bendera nyekundu mchangani. Niliiona, nikadhani ni kwa ajili ya watoto na wageni wa milimani. Mimi ni mtu wa pwani.

Maji yalikuwa bado magotini wimbi liliponipiga, na liliporudi lilikokota mchanga wote chini ya nyayo zangu. Nilipoinua kichwa nilikuwa tayari mahali ambapo sigusi chini. Sikuogopa, niligeuka nikaanza kuogelea kuelekea mabanda ya makuti. Nilipiga mikono kwa nguvu kwa dakika kadhaa, na kila nilipotazama, mabanda yalikuwa madogo zaidi. Hapo ndipo hofu iliponiingia, na hofu ndani ya maji ni uzito. Niliona mtu ufukweni akipuliza filimbi na kunyoosha mkono upande, lakini sikujua Kihispania wala sikuelewa ananitaka nini. Kilichonisaidia ni maneno ya mjomba wangu, aliyetufundisha kwamba ukinaswa na maji yanayotoka kwenye mlango wa mwamba, usishindane nayo, kata ubavu. Nikaacha kupambana na pwani, nikaogelea ubavuni, sambamba na ufukwe, hadi mvuto ukalegea. Kijana mmoja wa uokozi alinifikia na ubao wake, nikaushika. Nilipofika mchangani nilitapika maji ya chumvi na sikuweza kusimama. Baadaye niliambiwa na wenyeji kwamba jina Zipolite hufasiriwa kuwa ufukwe wa wafu.

Ninachotaka mwelewe ni hiki. Bahari iliyotulea sisi ina mwamba. Kuanzia Lamu hadi Mtwara, sehemu nyingi mawimbi huvunjika huko nje, nasi huogelea ndani, katika maji ambayo yakipwa hata mtoto hutembea. Pwani ya Oaxaca kwa sehemu kubwa haina ukuta huo. Kina kiko karibu na mchanga, na mawimbi yanayofika hapo kati ya Mei na Septemba yamezaliwa na dhoruba za kusini ya dunia, yakasafiri maelfu ya kilomita bila kuguswa na kitu. Binti anataka kwenda Agosti. Kujua kuogelea kwa Tanga au kwa Malindi si kujua kuogelea kwa Zipolite, wala kwa Zicatela pale Puerto Escondido, ambako wanaoteleza juu ya mawimbi hutoka pande zote za dunia kwa sababu ya ukali wake.

Mpishi wa Kibokoni alijibu:

Pole sana, kaka yangu. Alhamdulillahi ulirudi. Nimesoma maneno yako nikiwa jikoni nikaacha kijiko chini.

Msoma Ramani alijibu:

Pole, mzee wangu, na ahsante. Naomba kuongeza kwamba si kila ufukwe wa pale uko hivyo. Ndani ya Puerto Escondido penyewe ziko ghuba ndogo zilizojikinga, kama Carrizalillo, ambayo hufikiwa kwa ngazi ndefu, na Puerto Angelito, ambako familia za Kimeksiko huenda na watoto wao. Karibu na mji wa wavuvi wa Puerto Ángel kuna Estacahuite, na ukienda Huatulco kuna La Entrega, yenye matumbawe na maji tulivu. Kwa hiyo mtu anaweza kulala Puerto Escondido na asikanyage kabisa maji ya Zicatela. Lakini bendera iheshimiwe hata huko.

Jambo la pili ni vimbunga. Msimu wa Pasifiki ya mashariki huanza rasmi tarehe 15 Mei na kwisha tarehe 30 Novemba. Kimbunga Agatha kiliingia nchi kavu karibu na Puerto Ángel tarehe 30 Mei 2022, na Erick kiliipiga Oaxaca Juni 2025. Agosti huwa na kipindi ambacho mvua hupungua, wenyeji hukiita canícula, ila mtu asikifanye kuwa ahadi.

Na kuhusu kamba, Bi Safarini, serikali ya Meksiko hufunga uvuvi wa kamba wa Pasifiki kwa miezi kadhaa, kwa kawaida kuanzia Machi hadi Septemba, ili wazaliane. Kamba mtakaowakuta Agosti kwa sehemu kubwa watakuwa wa kufugwa au wa barafu. Samaki ndio watakaokuwa wabichi kweli: huachinango, ambaye ni mwekundu na anafanana na changu, jodari, na dorado, yule tunayemwita faulusi.

Jodari alijibu:

Kamba wa kufugwa si wabaya wakitiwa kwenye aguachile, yaani kamba wabichi waliolowekwa kwa ndimu na pilipili kali. Ndimu yenyewe huwapika.

Mpishi wa Kibokoni alijibu:

Ndimu haipiki, mwanangu. Nimepika biashara kwa miaka ishirini na sitanyamaza katika hili. Ndimu hugeuza rangi ya nyama na kuikaza, mtu akadhani imeiva, lakini vijidudu haviuliwi nayo kwa uhakika. Kipindupindu kilipoingia Peru Januari 1991, kilianzia katika miji ya pwani ya Pasifiki, na pamoja na maji machafu, samaki mbichi wa kulowekwa alitajwa miongoni mwa njia zake, kisha kikaenea karibu bara zima. Mtu akitaka kuonja, na aonje mahali penye wateja wengi na barafu ya kutosha, mchana, si kwenye meza iliyokaa juani. Mimi ningemwambia dada ale aliyechomwa.

Jodari alijibu:

Mama, watu wa pwani hiyo hula ceviche, yaani huyo samaki mbichi wa kulowekwa, kila wiki ya maisha yao. Nami nililoweka na kula kwa miaka miwili nisiumwe. Ukimnunua samaki kwenye mashua mwenyewe, ukamwona macho na mashavu, hatari ni ndogo. Lakini mwaka 1991 siwezi kubishana nao.

Mpishi wa Kibokoni alijibu:

Kwa kuwa dada ameanza kwa salamu ya Kiislamu, niseme na hili. Samaki wenyewe hawana tatizo, bali kinachoambatana nao. Maharage ya kupondwa yanayowekwa pembeni mara nyingi hupikwa kwa mafuta ya nguruwe, na tamale nyingi pia, yaani unga wa mahindi unaofungwa kwa majani na kupikwa. Chapati za mahindi kwa kawaida ni unga na maji tu, lakini za ngano huweza kuwa na mafuta hayo. Jifunzeni maneno mawili, sin manteca, yaani bila mafuta ya nguruwe, na muulize kabla ya kuagiza. Mimi nilikula maharage siku tatu kabla mtu hajaniambia, na niliumia moyo.

Kasuku wa Goma alijibu:

Kwa bajeti ya dola sitini kwa watu wawili, Puerto Escondido ya sasa inabana kidogo, kwa sababu mtaa wa La Punta umepanda bei sana. Mimi nililala upande wa juu wa barabara kuu, karibu na soko la Benito Juárez, chumba chenye feni na choo chake, na chakula cha mchana nilikula sokoni: supu, wali, samaki wa kukaangwa na kinywaji cha matunda, kwa bei isiyofika dola nane. Kwenda Mazunte nilipanda basi la kuelekea Pochutla, nikashuka njia panda ya San Antonio, kisha nikapanda pikapu yenye mabenchi na turubai nyuma, inayofanana kabisa na chai maharage za Unguja.

Mkiwa huko, nendeni mkaone kituo cha kasa cha Mazunte. Kijiji hicho na jirani yake San Agustinillo viliishi kwa kuchinja kasa hadi serikali ilipopiga marufuku mwaka 1990. Agosti ni kipindi ambacho kasa hupanda kwa maelfu kutaga ufukweni La Escobilla. Mkiuziwa mayai yao kwa siri, msinunue.

Mzee wa Ngalawa alijibu:

Kama ni kutafuta utulivu na samaki, mimi niliporudi pwani ile mara ya pili sikulala Puerto Escondido. Nilikwenda magharibi yake, Chacahua. Ni mabwawa ya pwani na mikoko iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1937, na mtu hufika kwa mashua kutoka Zapotalito. Wanakijiji wengi ni weusi, wazao wa Waafrika walioletwa kwa utumwa, na katiba ya Meksiko iliwatambua rasmi mwaka 2019 tu. Mama mmoja alinipa tamale za tichinda, kome wadogo wa mabwawa hayo waliopikwa pamoja na magamba yao ndani ya unga wa mahindi, akaniuliza natoka wapi. Nilipomjibu Afrika, aliwaita watoto wake waje wanione. Tulikaa kivulini mwa minazi, na sikuwa na Kihispania cha kutosha kumwambia nilichokuwa nacho moyoni.

Msoma Ramani alijibu:

Hata hiyo minazi ina historia yake, mzee wangu. Ilifika pwani ile kwa merikebu za Manila, zilizovuka Pasifiki kati ya Acapulko na Ufilipino kuanzia 1565 hadi 1815. Mabaharia Wafilipino ndio waliowafundisha watu wa jimbo la Colima kugema, na hadi leo tembo la mnazi linauzwa huko barabarani kwa jina lake la Kifilipino, tuba.

Mpishi wa Kibokoni alijibu:

Ina maana wana nazi na wana samaki, na bado samaki wa San Blas hawamtii tui. Nitarudi nikawafundishe.

Safarini Wawili alijibu:

Nimeyasoma yote mara mbili, na mzee, shikamoo, maneno yako nimemsomea mume wangu kwa sauti. Hajui kuogelea. Alikulia Nakuru, na mimi nilidhani angejifunzia hukohuko. Sasa tunaegemea Oaxaca, kwa masharti ya ghuba zilizojikinga, na labda siku mbili za Chacahua, ingawa yeye bado anavutiwa na San Blas kwa sababu ya yule samaki. Tuko tayari kulipa kesho.

Kasuku wa Goma alijibu:

Dada, ngoja kwanza. Wewe mwenye ukaazi wa kudumu wa Marekani huhitaji viza ya Meksiko, na mumeo pia haihitaji, mradi viza ya Marekani iliyobandikwa katika pasipoti yake iwe bado hai. Wanafunzi wengi hukaa kihalali kwa karatasi za chuo huku ile iliyobandikwa imeshakwisha muda. Yake inaisha lini?

Safarini Wawili alijibu:

Nimekwenda kuitazama sasa hivi. Iliisha mwezi wa Mei.

Kasuku wa Goma alijibu:

Basi msilipe kesho. Itabidi aombe viza katika ubalozi mdogo wa Meksiko hapo Houston, na kabla ya hapo akae na ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chake aulize kuhusu kurudi. Mkipata tarehe ya miadi, rudini hapa mtuambie ni mwezi gani, kwa sababu ikiwa ni Novemba au baadaye, uvuvi wa kamba utakuwa umefunguliwa na usubi wa San Blas watakuwa wamepungua.

Mpishi wa Kibokoni alijibu:

Nilisema San Blas tangu mwanzo.

Mzee wa Ngalawa alijibu:

Na katika miezi hiyo ya kusubiri, kijana aende bwawa la chuo akafundishwe kuogelea.